Supu ya Dokta na Sifuri Zake

Kaka yangu huua bakteria, halafu anawafanyisha kazi. Hiyo ndiyo sayansi yake yote, na ameisomea miaka kumi na moja. Ukimuuliza anafanya nini atakujibu, "Baiolojia sanisi isiyotumia seli hai," kisha atanyamaza kidogo ili upate nafasi ya kuona aibu kwa kutoelewa. Mimi ni fundi wa majokofu, sina nafasi ya kuona aibu, kwa hiyo nitakueleza mwenyewe. Bakteria ni kijumba chenye wapishi ndani, na wapishi hao hupika protini bila kupumzika. Kaka anavunja nyumba, anatupa kuta na paa, anabaki na wapishi wakielea kwenye majimaji. Ajabu ni kwamba wapishi wenyewe hawana habari kuwa nyumba imevunjwa. Ukiwapa kipande cha DNA wanakisoma kama maagizo ya jikoni na kupika kilichoandikwa. Majimaji hayo yana jina refu kwenye makala zake. Pale maabara kila mtu anayaita supu, ila yeye.

Supu hiyo hudondoshwa kwenye kipande cha karatasi kisicho kikubwa kuliko ukucha, ikakaushwa. Ukiitumbukiza karatasi kwenye maji yenye madini ya risasi, yale yanayotoka kwenye mabomba ya zamani na kudumaza akili za watoto, inang'aa kijani. Ni kitu kizuri, sikatai. Mtu anapima maji ya bomba lake mwenyewe bila kumsubiri bwana afya mpaka mvi zimwote. Siku ya kwanza nilipoiona karatasi ile ikiwaka nilinyamaza, na walionizaa watakwambia kwamba mimi si mtu wa kunyamaza.

Nyumbani hakuna mwingine aliyeelewa mpaka hapo. Mama yetu alisikia neno "dokta" akalimeza zima zima. Kila Jumapili Kaka akija kumwamkia anawakuta majirani wawili watatu wamejipanga kwenye kochi na magoti yao na vikohozi vyao.

"Mimi si daktari wa watu, Mama," anasema.

"Ni daktari wa nini basi?"

"Wa mifumo ya kibaiolojia isiyo na seli."

Jirani mmoja, fundi cherehani, alilifikiria jambo hilo kwa muda. "Yaani wagonjwa wako wanakuwa wameshakufa?" akauliza. Kaka akasema kwamba kwa namna fulani, ndiyo. Fundi cherehani akashusha mguu wa suruali aliokuwa ameukunja, akaaga. Mama alinuna wiki nzima, na aliyemnunia si jirani. Alisema mtu aliyesoma kiasi kile angeshindwa nini kumpa mwenzake hata kidonge cha maumivu.

Kaka alirudi kutoka masomoni ughaibuni na masanduku mawili, moja la nguo na moja la msamiati. Chuo kikampa maabara kwenye ghorofa ya pili, chumba kirefu chenye madirisha ya upande wa jua, meza tatu za vigae vyeupe, na jokofu ambalo mimi nililifahamu kuliko yeye kwa sababu lilishapita mikononi mwangu mara nne. Miaka mitatu ya mwanzo alifanya kazi kwa mikono yake. Halafu akapewa ofisi yenye zulia. Tangu siku hiyo mikono yake haikushika kitu kingine zaidi ya kalamu, na kalamu hiyo ilikuwa ya kutia sahihi.

Aliyebaki maabara ni Bi Barafu. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo na viatu vya raba, na alikuwapo chuoni kabla Kaka hajajua kwamba bakteria ana nyumba. Jina hilo alilipata kwa jasho. Mwaka wa tatu wa Kaka, mashine ya barafu ya maabara ilikufa, na supu hiyo, kama utaratibu wa Kaka unavyosema, lazima itumbukizwe kwenye barafu mara tu bakteria wanapokwisha kupondwa na kuzungushwa kwenye mashine. Mara tu, isisubiri hata dakika. Mimi niliitwa, nikaandika kipuri kinachohitajika. Ombi la kipuri likapitia sahihi saba, likarudi baada ya miezi minane na swali moja kwa kalamu nyekundu: je, maabara haiwezi kutumia maji baridi?

Basi Bi Barafu akawa anabeba ndoo. Barafu ilipatikana jengo la tiba ya mifugo, ng'ambo ya pili ya uwanja, na mtunza ghala wa huko ni mtu ambaye hawezi kufungua mlango kabla hajakuuliza habari za nyumbani, za watoto, na za wale uliowaacha nyuma. Kazi ikaendelea hivyo miaka kumi na moja. Karatasi ziliwaka. Kaka akaandika makala, makala ikachapishwa kwenye jarida kubwa, na ukumbi wa chuo ukajaa watu wanaopiga makofi kwa jambo wasilolijua. Mama alikaa mstari wa mbele. Alilia, kisha akamwuliza aliyekaa naye kama hiyo karatasi inatibu presha.

Baada ya hapo ruzuku ikaja, na Kaka akaanza kutembea kwa maringo. Lakini nimpe haki yake: kitu cha kwanza alichofanya ni kunipigia simu. "Mdogo wangu, njoo uitengeneze ile mashine ya barafu. Safari hii vipuri vipo."

Nilifanya kazi siku nne. Nikabadilisha kompresa, nikasafisha mabomba, nikajaza gesi, nikafunga kipimajoto kipya. Sijawahi kuacha mashine safi namna ile. Ilikuwa inadondosha barafu ngumu, nyeupe, hatua tatu kutoka meza ya Bi Barafu. Mama wa watu alinishukuru mpaka nikaona haya, maana bega lake lilikuwa limekwisha kwa ile ndoo.

Wiki hiyo hiyo supu ikafa, kama kitu kilichokwisha kufa kinaweza kufa tena. Karatasi zikawa karatasi. Ungeitumbukiza kwenye maji ya risasi tupu, isingewaka hata kwa aibu.

Wakati huo huo zikaja barua kutoka maabara mbili za mbali. Wenye barua walisema wamefuata utaratibu wa Kaka neno kwa neno na hawakupata kitu. Kwanza Kaka alicheka. "Watu hawajui kufuata maelekezo," aliniambia. Ikabidi aache kucheka alipoona kwamba hata yeye ameshindwa kufuata maelekezo yake mwenyewe.

Jarida likampa miezi mitatu. Wangetumwa wakaguzi wawili, washuhudie karatasi ikiwaka mbele yao. Isipowaka, makala inafutwa, na jina lake linaingia kwenye orodha ambayo watu wa kazi hiyo wakiisoma wanashusha sauti kama wako msibani. Na uprofesa wake ulikuwa tayari mezani kwa kamati, unasubiri mambo hayo yaishe. Mama alishashona gauni la sherehe. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wake, na kila aliyeingia alilazimishwa kulishika kitambaa.

Maji yalipomfika shingoni, Kaka akaanza kutafuta mchawi. Alilaumu maji ya bomba, akalaumu dawa zilizoagizwa, akalaumu umeme. Alilaumu bakteria wenyewe, kwamba kizazi cha sasa hakina nguvu. Akamlaumu Bi Barafu kwamba mikono yake imezeeka. Alipowamaliza wote akaja kwenye karakana yangu.

"Ulitia gesi gani kwenye ile mashine?"

"Ya kawaida, Kaka."

"Inavuja. Inaingia kwenye barafu, na barafu inaua sampuli."

"Barafu haigusi supu yako. Supu imo ndani ya mrija, na mrija umefungwa."

"Wewe si mwanasayansi."

"Ndiyo maana nimeuona mrija."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akaondoka zake. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja mpaka meno ya utoto yakanitoka, ananiita chawa.

Nilikasirika vibaya sana. Kesho yake asubuhi nikapanda ghorofani, nikachota kiganja cha barafu kwenye mashine yangu, nikaanza kuitafuna mbele ya Bi Barafu ili awe shahidi.

"Fundi, humu ndani hakuliwi kitu," akasema.

"Nataka ajue haina sumu."

"Sumu haimo. Lakini hata hivyo humu hakuliwi." Akaninyang'anya iliyobaki akaitupa.

Nikavuta kiti, nikatoa kipimajoto changu na saa, nikaamua kushinda pale kutwa nzima nikiandika joto la ile mashine kila baada ya dakika kumi. Nilitaka nimpelekee Kaka karatasi yenye namba, kwa kuwa namba ndiyo lugha anayosikia. Bi Barafu akaendelea na kazi yake. Akawaponda bakteria, akazungusha mrija, akamimina supu kwenye mirija midogo, na papo hapo, puu, kwenye barafu. Hatua tatu. Nikaitazama ile kazi, na mimi kama fundi nina ugonjwa mmoja: kitu kikiharibika nauliza kilichobadilika.

"Bi, na zamani ulikuwa unafanya hivi hivi?"

"Zamani barafu ilikuwa ng'ambo."

"Na supu ilikuwa inakaa wapi ukienda kuchukua?"

Akanionyesha kwa kidevu. Mezani, karibu na dirisha, upande wa jua.

"Kwa muda gani?"

"Saa moja na dakika ishirini. Yule wa ghala akiwa ana habari nyingi, saa moja na nusu."

Alinieleza bila haraka, huku akifuta meza. Kwa maoni yake wale wapishi, nyumba ikishavunjwa, bado wana vyungu vya zamani jikoni. Ukiwaacha kwenye joto kidogo wanamaliza walichokuwa wanapika, wanaosha vyombo, na ukiwapa kazi mpya wanaianza mikono mitupu. Ukiwatumbukiza kwenye barafu hapo hapo, wanaganda na vyungu vyao. Nikamwuliza kama Kaka analijua hilo.

"Nilimwambia mwaka ule ule mashine ilipokufa. Nikamwambia, Dokta, supu inakaa mezani, na naona kama inakuwa bora kuliko zamani. Nikataka kuandika kwenye daftari dakika themanini. Akaniambia, Bi, utaratibu unasema sifuri, andika sifuri." Akalivuta daftari la maabara akalifungua. Kwenye kila ukurasa palikuwa na safu ya "muda kabla ya barafu", na kwenye kila mstari sifuri, nzuri, ya duara, miaka kumi na moja ya sifuri. Chini ya kila ukurasa sahihi ya Kaka.

"Na mwezi uliopita mambo yalipoharibika, hukumkumbusha?"

"Nilimkumbusha kwenye kikao. Akasema, Bi, tafadhali, hili ni suala la kisayansi." Akafunga daftari. "Nikanyamaza. Mwenye macho haambiwi tazama."

Tuliweka mirija miwili siku hiyo hiyo, mmoja kwenye barafu yangu, mmoja mezani. Saa tisa alasiri karatasi moja ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani, na ya pili inawaka kijani cha jani changa. Nikamfuata Kaka ofisini, nikamleta nimemshika mkono. Alizitazama zile karatasi kwa muda mrefu. Tulimweleza yote, mimi kwa fujo na Bi Barafu kwa maneno machache. Nilitegemea atamkumbatia yule mama, au walau atakaa chini.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

Ndani ya wiki moja jambo lile likawa na jina. Likaitwa "hatua ya kupumzisha", na Kaka akaanza kulisema kama kitu kilichomjia alipokuwa amejilaza anafikiri. Jumapili alimweleza Mama mezani jinsi alivyoligundua. Mimi nilikuwepo, natafuna. Nilimngoja mlangoni.

"Kaka, unaiba."

"Hujui kazi hizi zinavyokwenda. Maabara ni yangu. Kinachotoka maabara ni changu."

"Na zile sifuri ni za nani?"

Akasema wakaguzi wanakuja Jumanne, na kwamba nifike na vyombo vyangu mashine isije ikamtia aibu.

Wakaguzi walikuja saa tatu asubuhi. Mmoja kijana mrefu aliyekuwa akiandika kila kitu, hata rangi ya ukuta. Mkubwa wao alikuwa mwanamama mkavu aliyevaa miwani yenye kamba, na alimsalimia Bi Barafu kabla ya Kaka. Mimi nilisimama karibu na mashine na kisanduku changu cha vyombo. Kaka alivaa koti jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Alitoa hotuba. Alieleza hatua ya kupumzisha kwa dakika ishirini na tano, akachora wapishi kwenye ubao, akawapa majina ya kisomi.

Mwanamama alimsikiliza mpaka mwisho huku anafunua daftari. "Dokta, ninaelewa. Kama supu ilikuwa ikipumzishwa miaka yote hii, mbona daftari linasema sifuri?"

"Hilo ni," Kaka akavuta ukosi wa koti, "ni kosa la mwandishi wa daftari." Na macho yake yakaenda kwa Bi Barafu.

Naye hakupepesa macho. Alikuwa amekunja mikono mbele ya koti lake, anatazama meza. Mimi nilishika bisibisi kwenye kisanduku, sijui nilitaka kumfanya nini ndugu yangu.

"Na hatua yenyewe aliigundua nani?"

"Mimi," akasema Kaka.

"Vizuri sana." Mwanamama akavua miwani. "Basi tuandalie, Dokta. Wewe mwenyewe. Tungependa kuona mikono ya aliyegundua. Wengine tutakaa pembeni."

Bakteria waliogandishwa walikuwa kwenye jokofu jipya, lililokuja na ruzuku. Kaka alifungua lisilokuwa lenyewe. Akafungua la pili, akasimama mbele ya droo kumi zenye vibandiko vya mwandiko wa Bi Barafu, vifupisho vitupu, akatoa kisanduku, akakirudisha, akatoa kingine. Glavu alizochukua zilikuwa ndogo, moja ikampasukia kidoleni. Alipokamata kipimio cha kunyonyea matone alikibonyeza, kikagoma. Vya siku hizi vina kufuli, na yeye alipoacha kazi ya mikono havikuwa hivyo. Akabonyeza tena. Yule kijana mrefu akaandika. Jasho lilimtoka Kaka juu ya mdomo, nami niliyekuwa nimeomba nimwone amefedheheka nikaona kwamba sitamani tena. Ni kaka yangu. Nikatazama kipimajoto cha mashine, ambacho hakikuwa na jipya.

"Bi," akasema hatimaye, hajageuka. "Tunaanzia wapi?"

Bi Barafu hakusogea. Alimtazama mkaguzi, na mkaguzi akamtazama Kaka. Kwenye mashine yangu barafu ikadondoka.

Kaka akaweka kile kipimio mezani. "Hatua hii hakuigundua mwingine ila huyu mama," akasema. Alisema akiwa ameielekea meza, kisha akageuka akarudia akiwa amewaelekea wao. "Aliniambia zamani. Alitaka kuandika dakika themanini, nikamwamuru aandike sifuri. Sahihi zote hizo ni zangu. Sikuwahi kusoma nilichotia sahihi."

Kijana akaacha kuandika, kisha akaandika sana.

Bi Barafu akavaa glavu. Alifungua droo moja tu. Akaponda, akazungusha, akamimina, akaweka mirija mezani karibu na dirisha, akatazama saa ya ukutani. Tulikaa dakika themanini, watu watano tukiitazama saa ile ile. Saa tisa karatasi tatu za maji ya risasi zikawaka, na moja ya maji safi ikabaki nyeupe, kama inavyotakiwa.

Mwanamama akafunga daftari. Alisema makala haitafutwa. Itasahihishwa, jina la Bi Barafu litakaa la kwanza, na maelezo ya zile sifuri yatachapishwa kama yalivyosemwa humu chumbani, na nakala itakwenda kwa kamati ya uprofesa. Kaka aliitikia kwa kichwa. Kila mtu pale alijua maana yake, kwamba gauni la Mama litatundikwa nyuma ya mlango miaka mingi. Wakaguzi wakatuaga kwa mikono, wakashuka ngazi.

Kaka akabaki amesimama. "Nimelisema, Bi," akasema taratibu, kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

"Umelisema, Dokta," Bi Barafu akajibu, anapanga mirija yake. "Mimi nililisema miaka kumi na moja iliyopita. Lako limesikika siku moja, na ni kwa sababu kulikuwa na wageni."

Kaka akavua zile glavu ndogo, akazungusha macho chumba kizima akitafuta mahali pa kuzitupa, na hata hapo ikabidi aonyeshwe.